Vidonge vya isotretinoini vya chunusi sugu: nyota nne, ya tano nimeinyima

Mimi fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na kioo cha wateja nilikuwa nakigeuzia ukutani. Chunusi zangu hazikuwa vile vipele vya kuvunja ungo. Zilikuwa majipu ya ndani kwa ndani, kutoka taya mpaka mgongoni, naamka foronya ina usaha.

Nilianzia duka la vipodozi, silitaji. Tyubu yao ilinilainisha uso wiki mbili kama yai la kuchemsha. Nilipoiacha, chunusi zikarudi na ukoo mzima. Kumbe ndani mna betamethasoni, steroidi ambayo yenyewe huzaa chunusi. Hospitali wakanipa antibiotiki ya doksisaiklini miezi mitatu na krimu ya benzoili peroksidi. Zilipungua, hazikuisha, na krimu ikanichujulia kitambaa cha mteja. Nililipa.

Daktari wa ngozi ndiye aliyetaja isotretinoini, lakini siku hiyo sikupewa. Kwanza damu, kuangalia ini na mafuta. Kisha kipimo cha mimba, maana dawa hii humharibu mtoto tumboni vibaya sana: unajikinga mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho.

"Daktari, mimi sina mume."

"Sijakuuliza mume, bibie."

Nikawekewa kijiti cha kuzuia mimba. Shangazi alipoona plasta mkononi, maswali yake yalizidi ya daktari. Doksisaiklini nikaambiwa niiweke mbali, maana zikichanganywa presha huweza kupanda ndani ya kichwa. Kuchangia damu nako marufuku.

Nina kilo 60. Nilianza na miligramu 20 kwa siku, mwezi wa pili 40, mpaka jumla zitimie miligramu 7,200, yaani 120 kwa kila kilo ya mwili. Karibu miezi saba. Humezwa na chakula chenye mafuta. Kwa mtu wa Tanga hilo si sharti, ni samaki wa nazi wa kila siku.

Mwezi wa kwanza chunusi zilizidi, nikalia. Wa tatu majipu mapya yakakoma. Midomo ndiyo ilinitesa: ilipasuka hata kucheka nikashindwa, mafuta ya mgando hayakutoka mkobani. Singo ya kusugua ngozi na kutoa nyusi kwa nta vilikatazwa, kwa hiyo mdogo wangu alivyosingwa mimi nilikuwa jikoni. Mgongo uliuma pia, ingawa cherehani nayo ina lake.

Nyota niliyoinyima ni ya bei, faida ya magauni yote iliishia duka la dawa, na ya mashimo ya zamani mashavuni. Vidonge vimezuia mapya; hayo bado yapo.

Juzi mteja kaniomba vilivyobaki. Nikamuuliza mimba kapima lini. Kanuna, kachukua gauni lake bila hata kulijaribu.