Menta wangu, jiwe la Gangilonga na "kifurushi cha pili"

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Ilikuwa kipindi kile cha baridi, ile ya Iringa ya kuogea mchana, nikalipa laki na nusu kwa lipa namba ili nikae siku tatu kwenye "safari ya ndani" na menta mmoja aliyetoka Dar. Ubunifu, imani, maswali ya maisha. Ukumbi, chai, cheti, hayo sina neno nayo.

Siku ya kwanza alinikamata, lazima niseme. Alisimulia habari zake bila kujipamba. Aliacha kazi, akauza gari, akaamini picha zitamlisha, zisimlishe. Usiku mtoto wake alipolazwa akashindwa kusali, hata Baba Yetu ilimpotea. Akaazima kalamu kwa nesi, akachora dripu nyuma ya risiti ya dawa mpaka kukakucha. "Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa sala," akasema. Ukumbi kimya.

Mimi huchora mabango ya maduka na maneno ya nyuma ya bajaji. Picha zangu mwenyewe niliziacha mama alipofariki. Mama alikuwa msukaji wa vikapu vya milulu, na kimoja amekiacha nusu, ncha zimechomoza kama nywele za mtu aliyeamka. Kiko juu ya kabati. Sijakimaliza, sijakitupa, na nikishika brashi naona kinanitazama. Nikasema huyu bwana ndiye wa kumuuliza.

Jioni ya pili tukapandishwa Gangilonga. Kwa wasiojua, ni Kihehe: jiwe linaloongea. Wazee husema Mkwawa, yule chifu wetu Wahehe, alikuwa akienda pale kutafakari, na ukiwa juu mji wote uko chini yako. Menta akatuhubiria kwamba Mkwawa aliteremka hapo akaenda kuwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1898. Mimi Mhehe nikameza mate. Lugalo ni 1891! 1898 ndio mwaka aliojipiga risasi ili wasimkamate. Kalenga ni mwendo wa bodaboda tu, fuvu lake liko pale, lilirudishwa 1954. Angepita kwanza akauliza.

Hilo ningemsamehe. Ila alikuwa ametuambia, "Hapa ulizeni chochote, jiwe linasikia." Nikanyoosha mkono. Nikaeleza habari ya kikapu, sauti ikaanza kunikatika. "Mwalimu, nikimalize mimi, au nikiache kama alivyokiacha?"

Akatazama saa. "Dada yangu, hayo ya binafsi yako kifurushi cha pili. Mwone msaidizi akuandike."

Na msaidizi akaja kweli, kijana wa watu, na daftari! Mbele ya watu ishirini na kitu, mimi na machozi yangu nusu njia. Kabla sijajibu, simu ya menta ikaita, akapokea, akasogea pembeni ya jiwe akiongea habari za tairi. Tairi, jamani. Mama yangu amesubirishwa kwa ajili ya tairi.

Siku ya tatu nilienda kwa sababu nilishalipa, basi. Nilikaa nyuma, kalamu sikuishika.

Hapa mwanzo nilikuwa nimeandika "tapeli, msiende". Nimefuta. Tapeli hawezi kusimulia ile risiti. Au ndiye anayeweza kuliko wote, sijui tena. Maana juzi umeme ulikatika, nikajikuta nakishusha kikapu, nikawasha tochi ya simu, nikakichora kilivyo, na nusu yake ile ile. Nyuma ya risiti ya rangi, ndiyo, nimemwiga. Mkono ulikuwa mzito na duara limepinda. Sasa nimshukuru nani? Yule yule aliyeniambia nikajiandikishe? Nilichora kwa hasira, kila mstari namwonyesha yeye, ila picha ipo.

Siku ya kwanza nyota tano, jioni ya pili sifuri. Wekeni mbili. Leo asubuhi msaidizi kanitumia ujumbe tena: kifurushi cha pili laki mbili na nusu, punguzo mwisho wa mwezi. Sijajibu. Namba yake sijaifuta pia.