Stendi ya kunyanyulia milango ya gari: uzoefu wangu na wa mgongo wangu

"Mzee, kama mgongo wako ni mbovu, mambo ya milango ya gari waachie vijana." Hayo niliambiwa kwa simu na kijana wa huduma kwa wateja, kwa sauti ya mtu ambaye chai yake inapoa. Nimeibeba sentensi hiyo kwa wiki kadhaa sasa, na kwa kuwa ndiyo mzigo pekee ambao daktari hajanikataza kuubeba, nimeona niutue hapa pamoja na maoni yangu juu ya stendi ambayo kampuni yake iliniuzia.

Sikuinunua stendi hiyo kwa kupenda vifaa. Diski iliyoko kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno changu ilichomoza miaka mingi iliyopita, na tangu hapo ninaishi nayo kama watu wanavyoishi na jirani mkorofi, yaani ninamsalimia, ninampisha, na sifanyi kelele usiku. Gari langu lina milango miwili tu, mirefu, na pini na bushi za bawaba zake, yaani vile vipete ambamo pini huzunguka, zilikuwa zimelika kiasi kwamba ilibidi kila mlango uinuliwe kidogo kwa mkono kabla haujakubali kufunga. Kwenye boksi la stendi kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mtu mmoja anaweza kutoa na kurudisha mlango peke yake bila kubeba uzito wowote. Chini ya maneno hayo kuna picha ya mwanamume mwenye mvi kunizidi mimi, anayetabasamu huku amesimama wima kabisa kando ya mlango. Naomba msomaji amkumbuke mwanamume huyo, kwa maana nitamrudia.

Watu ambao hawajawahi kuumwa mgongo hudhani kwamba ubaya wa mlango ni uzito wake tu. Mlango wangu wa kulia niliuteremsha juu ya mizani baada ya kuutoa, ukawa na kilo 31, na hapo kioo, spika na paneli ya ndani vilikuwa vimeshatolewa. Mzigo wa kilo 31 ulio ndani ya gunia unaweza kuukumbatia kifuani au kuutupia begani, lakini mlango haukumbatiki. Lazima uushike ukiwa mbele yako, karibu nusu mita kutoka kiunoni, umeinama na umejipinda ili uchungulie kama matundu ya bolti yamelingana, na ubaki hivyo hivyo bila kutikisika wakati mkono mmoja unapapasa bolti. Misuli inayoshikilia uti wa mgongo iko takriban sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya diski, kwa hiyo kila kilo moja iliyoko sentimita 50 mbele huidai misuli hiyo ivute kama kilo 10, na mvuto huo wote huishia kuiminya diski. Kilo zangu 31 zinakuwa 310, kabla hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe kilichoinama. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya kunyanyua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991, huanzia kilo 23 pale ambapo kila kitu ni kizuri, yaani mzigo uko karibu na mwili, kiuno hakijapinda na mshiko ni thabiti, kisha hupunguza kwa kila kasoro inayojitokeza. Kazi ya mlango ina karibu kasoro zote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu mwenye diski kama yangu anayenunua stendi ya aina hii hanunui starehe. Ananunua ruhusa ya kuendelea kulitengeneza gari lake mwenyewe.

Na haki isemwe: mlango wa kulia ulitoka kama jino la utotoni. Nilifungua waya wa hasi wa betri na kusubiri kidogo kabla ya kuchomoa nyaya zinazopita ndani ya mpira kati ya nguzo na mlango, kwa kuwa sipendi mzaha na mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari likigonga. Nikafungua ule mkono mfupi unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi, nikachora mstari mwembamba kuzunguka kila bawaba ili nijue pa kuirudishia, kisha nikaisukuma stendi chini ya mlango na kukanyaga pedali mpaka uma wake, uliovikwa mpira, ukagusa ukingo wa chini. Bolti za bawaba ya chini zilitangulia na za juu zikafuata. Kwa aliye mgeni wa kazi hii, dalili ya kwamba urefu wa stendi ni sahihi iko kwenye bolti ya mwisho: ikizunguka kwa vidole bila kukwaruza, mlango umebebwa sawasawa, na ikikataa, stendi iko juu mno au chini mno, wala usiilazimishe. Yangu ilizunguka kwa vidole. Niliuvuta ule mlango kando kwa mkono mmoja, magurudumu yakaviringika bila mlio, nikabaki nimesimama wima nikiutazama, na nakiri bila aibu kwamba niliguna kwa furaha. Siku ya pili, bushi mpya zikiwa ndani, nikaurudisha kwa mtindo huo huo, na jioni nikampigia simu dada yangu kumweleza habari za stendi kana kwamba nimepata mjukuu.

Laiti maoni haya yangeandikwa jioni ile, yangekuwa na nyota tano na pengine sala fupi.

Mlango wa kushoto nao ulitoka vizuri. Balaa lilikuja wakati wa kuurudisha. Bawaba ya juu ilikuwa imeshafika mahali pake na bolti moja imeshika uzi mara mbili au tatu tu, huku bawaba ya chini ikiwa juu ya mstari niliouchora kwa milimita 3 hivi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuushusha mlango kwa hizo milimita 3. Vali ya kushushia ya stendi hii ni skrubu yenye kishikio kidogo pembeni mwa pampu, unayotakiwa kuilegeza polepole ili mafuta yarudi. Nilipoizungusha polepole haikwenda popote. Nilipoongeza nguvu kidogo ilibaki pale pale. Nilipoongeza tena kidogo, iliachia ghafla, na mlango ukashuka, si milimita 3, bali sentimita 4 au 5 kwa mpigo mmoja, ukainamia upande wangu huku ukining'inia kwenye ile bolti moja ya juu.

Nilijua la kufanya, kwa kuwa nimelisoma na kuwahubiria wengine: mzigo unaoanguka huachwa uanguke, mtu akaruka pembeni. Mikono yangu haikuniuliza. Iliudaka mlango, nimeinama na kiuno kimepinda kushoto, na maumivu yakashuka kwenye paja, yakapita pembeni mwa goti, yakafika hadi kidole gumba cha mguu, njia ile ile ambayo neva ya pale hupita kila inapobanwa. Niliulaza mlango juu ya gurudumu la akiba lililokuwa karibu, sijui kwa nguvu zipi, kisha nami nikalala. Nililala sakafuni, miguu juu ya kiti, kwa sehemu kubwa ya siku tisa zilizofuata. Kutoka pale chini niliweza kuliona boksi la stendi kupitia mlango wa chumba, na yule bwana mwenye mvi aliendelea kunitabasamia.

Nilipopata nafuu nilipiga simu. Sikutaka fidia, nilitaka mtu aseme kwamba vali ile ina kasoro na kwamba wataiangalia kabla hawajamuuzia mwingine. Kijana aliyepokea alianza kwa kuniuliza kama nilisoma kitabu cha maelekezo. Kitabu chenyewe kina kurasa nne, mbili kati yake ni maonyo, nami nilikuwa na siku tisa za kukisoma nikiwa chali, hivyo nilimjibu kwamba ninaweza kumsomea kwa kichwa, na kwamba kuhusu vali kimesema "legeza taratibu" bila neno la ziada. Akauliza kama sakafu yangu ilikuwa imenyooka. Nikasema imenyooka. Akauliza uzito wa mlango, nikamtajia, akakiri kwamba stendi inabeba zaidi ya hapo mara mbili. Hapo nilidhani tumeelewana. Nikamweleza yaliyoupata mgongo wangu, kwa ufupi na bila kulalamika, kwa kuwa niliona inafaa wajue kilichotokea kwa mtumiaji. Alinyamaza kidogo, kisha akanipa ile sentensi.

Nimejaribu kuipima kwa haki. Huenda alikusudia wema, kwa kuwa wapo vijana wanaokuita mzee kwa heshima halisi, nami umri huo ninao. Lakini neno "mzee" lina namna mbili za kutamkwa, moja ya kumwinukia mtu kwenye kiti na nyingine ya kumwondoa njiani, na mimi nimeishi vya kutosha kuzitofautisha. Kinachonichoma zaidi ni kwamba kampuni hiyo inamtumia mtu mwenye mvi kuuzia bidhaa yake, kisha anapopiga simu mtu mwenye mvi huambiwa kwamba bidhaa si ya watu kama yeye. Kama kazi ya milango ni ya vijana, basi wachapishe picha ya kijana kwenye boksi, nasi wengine tujue mapema. Tena kijana mwenye mgongo mzima na rafiki wa kumshikia upande wa pili ataihitajia nini stendi?

Siku chache baadaye mpwa wangu alikuja, akaifungua ile vali mbele yangu. Alichokikuta kilinituliza na kunikasirisha kwa wakati mmoja. Uzi wa skrubu ulikuwa na kipande kidogo cha chuma kilichobaki tangu ulipokatwa kiwandani, chembamba kama ukucha wa mtoto, na hicho ndicho kilichokuwa kikiikwamisha skrubu mpaka nguvu izidi ndipo iachie. Tulikisugua kwa msasa laini, tukasafisha, tukabadilisha mafuta ya pampu, tukairudishia vali. Sasa ukizungusha kishikio kidogo tu, uma unashuka taratibu hata macho hayauoni ukishuka, mpaka upime kwa rula. Ni stendi nzuri sana. Siwezi kusema vinginevyo, na ninasema hivyo nikiwa na mkanda kiunoni. Chuma chake ni kizito, magurudumu yake hayayumbi, uma wake unakubali kuinamishwa ili kufuata mteremko wa ukingo wa mlango, na hakuna hata mara moja ambapo uliacha alama kwenye rangi. Kilichokosekana ni dakika tano za mtu wa kiwandani mwenye msasa.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Baada ya kazi ya mpwa wangu nilizifanya nne, kwa kuwa nilijiambia kwamba skrubu moja isihukumu chombo kizima. Kisha nikakumbuka zile siku tisa, nikashusha hadi tatu, na sasa baada ya kuandika mazungumzo ya simu kwa kirefu hivi naona mkono wangu unaelekea mbili. Nisipomaliza upesi tutarudi kwenye moja.

Kwa kuwa nimeamua kuwa mkweli, nikiri pia jambo ambalo sikumwambia yule kijana, na ambalo sitamwambia. Mlango wa kushoto niliuanza mapema mno, muda mfupi tu baada ya kuamka, kwa haraka ya kumaliza. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba, na saa ya kwanza ya asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote za kuinama. Hilo nimelijua kwa miaka. Aidha, sikufunga mkanda wa kuushikilia mlango kwenye nguzo ya stendi, ingawa mkanda upo ndani ya boksi, kwa sababu upande wa kulia sikuufunga na hakuna kilichotokea. Mkanda ungeuzuia mlango usiniinamie. Usingeuzuia kushuka ghafla, na kushuka ghafla ndiko kulikonifanya niudake, kwa hiyo kosa langu ni dogo kuliko lao, ila ni kosa.

Kampuni imeniandikia hatimaye, kwa lugha ya adabu na bila kutaja simu yangu, kwamba iko tayari kuipokea stendi na kunirudishia fedha zangu zote mradi irudi ndani ya boksi lake. Boksi ninalo, ingawa uso wa yule bwana mwenye mvi nimeufunika kwa karatasi ya gundi. Siirudishi. Shemeji yangu aliiomba kwa siku mbili tu na hilo pia nimelikataa.

Mlango wa kushoto ulirudishwa na mpwa wangu, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti na kutoa maelekezo ambayo hakuyahitaji. Unafunga, lakini ukingo wake wa nyuma uko juu ya mstari wa bodi kwa karibu milimita 3, na kwa kuwa urefu wa mlango ni kama mara tatu ya umbali ulio kati ya bawaba zake mbili, inatosha bawaba ya juu isogezwe kuelekea nyuma ya gari kwa milimita moja tu ili ukingo huo ushuke mahali pake. Kwanza nitatoa kile kipande cha nguzo ambacho kitasa hukikamata, ili mlango uning'inie kwa bawaba tu na usidanganye, kisha nitalegeza bolti za juu. Stendi imeshakaa chini ya mlango na mkanda umefungwa. Nimepanga kuanza mchana.