Uzoefu wangu: kanda kuukuu ya VHS, Hamlet kwanza, virukanjia wauaji baadaye

Ni kanda ya aina ya T-120 ya Marekani, iliyorekodiwa nyumbani kutoka kwenye runinga, dola 4 bila gharama ya posta. Ubavuni pameandikwa kwa mkono "Hamlet / Shrews", basi. Inaanza Hamlet ya Laurence Olivier ya 1948, filamu ya tamthilia ya Shakespeare, dakika 155. Inafuata The Killer Shrews ya 1959, filamu ya kutisha ya virukanjia (wanyama kama panya wenye pua ndefu), dakika 69, iliyopigwa Texas. Matangazo yamekatwa kwa kitufe cha pozi, na kila palipokatwa picha inaruka kidogo.

Jumla ni dakika 224. T-120 huchukua dakika 120 kwa SP, spidi ya kawaida, 240 kwa LP, ya polepole, na 360 kwa EP, ya polepole zaidi. LP ingetosha, ila deki nyingi za Marekani za baadaye hazirekodi kwa LP, na hii imerekodiwa kwa EP. Hapo ndipo ilipoharibikia. Kwenye EP mkanda hutembea milimita 11 kwa sekunde badala ya 33, na kila mstari wa picha hubanwa hadi maikroni 19 badala ya 58. Deki iliyorekodi na deki yako zikitofautiana hata kidogo, hedi, yaani kichwa kinachosoma mkanda, inasoma mstari wa jirani na chenga zinajaa chini ya skrini. Deki ya hedi nne, yenye jozi yake ya EP, iliituliza baada ya kuzima trakingi (ulengaji wa hedi kwenye mistari) ya otomatiki na kuirekebisha kwa mkono. Kwenye ukungu wa ngome ya Elsinore, chenga chache hata hazionekani.

Sauti ndiyo inayoudhi. Hakuna Hi-Fi, yaani sauti ya ubora wa juu; sauti yote iko kwenye mstari mwembamba ukingoni mwa mkanda, na mwendo ukipungua, sauti kali hupotea. Herufi s na t zinamezwa. Mzimu wa mfalme, baba yake Hamlet, ambao sauti yake ni ya Olivier mwenyewe, unanong'ona kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kisasi chote cha Hamlet kinategemea maneno ya mzimu huyo, kwa hiyo asiyeijua hadithi atapotea. Virukanjia hawapungukiwi kitu: ni mbwa waliovishwa manyoya, na kamera ikisogea karibu ni kikaragosi chenye meno. EP inawasaidia hata kuficha mishono.

Kabla ya kuicheza, chungulia dirishani mwa kasha. Ukiona unga mweupe juu ya mkanda, hiyo ni kuvu. Usiitie kwenye deki, maana itabaki kwenye hedi na kuhamia kanda nyingine. Yangu ilikuwa safi, ila mwanzoni ilikuwa imekunjamana kama sentimita 20. Fungua skrubu tano za chini kwa bisibisi ya nyota, taratibu, kwani springi za breki ya magurudumu huruka. Kata kipande kibovu, unga kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa mgongoni usiogusa hedi. Selotepu ya kawaida hapana: gundi yake huyeyuka kwa joto na kuchafua hedi. Kisha peleka mbele hadi mwisho na urudishe mara moja, mkanda uliolala miaka ujiachie.

Kwa walioko Kenya au Tanzania: hii ni NTSC, mfumo wa runinga wa Marekani. Deki ya PAL pekee, mfumo wa huko kwenu, haitaicheza sawasawa. Tafuta ya mifumo mingi. Runinga ikigoma kutoa rangi, usihangaike, filamu zote mbili ni nyeusi na nyeupe.

Aliyeziunganisha alijua anachofanya, au ni bahati tu. Hamlet anakufa kwa mkwaruzo wa upanga wenye sumu. Virukanjia nao wamekula sumu waliyotegewa, na sasa jino lao likikugusa tu umekwisha. Halafu Osric, yule anayepeleka mwaliko wa pambano la mwisho, ni Peter Cushing, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa filamu za kutisha.

Kwa virukanjia, dola 4 ni halali. Hamlet itafute kwingine, kwenye SP au diski. Kilimi cha kuzuia kufuta kimevunjwa, hivyo deki haitarekodi juu yake. Ukizihitaji zile saa mbili na robo zilizobaki mwishoni, ziba tundu hilo kwa kipande cha selotepu. Hapo nje selotepu haina madhara.