Kamera ya bei kubwa isiyo na kioo (mirrorless): ipi inafaa kazi za Uganda?

Kabla ya kuuliza jina la kamera, jiulize utapigia wapi. Chini ya hema la kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, kitambaa chekundu au cha bluu hupaka rangi yake kwenye nyuso za watu, na taa za LED hupepesa bila jicho kuona. Katika msitu wa Bwindi, sokwe wa milimani hukaa kivulini, manyoya meusi ndani ya majani meusi, na fleshi hairuhusiwi. Mchana kweupe kamera zote nne zilizo hapa zitakupa picha safi. Tofauti huonekana gizani, na kwenye bei ya lenzi.

1. Canon EOS R6 Mark II

Ilitoka Novemba 2022 kwa dola 2,499 za Marekani, bila lenzi. Ina megapikseli 24.2, na wengi huidharau kwa hilo. Wanakosea. Harusi moja huzaa picha 3,000 kwa urahisi. Kwa RAW (faili ghafi la picha) ya takriban MB 30, hiyo ni GB 90. Kwa megapikseli 45 ungekuwa unatafuta diski mpya kila mwezi, na kompyuta ikisota usiku kucha. Nafasi zote mbili za kadi ni za SD, kwa hiyo kila picha inaweza kuandikwa mara mbili kwa kadi za aina moja. Fanya hivyo kila kazi: maharusi hawarudii kiapo kwa sababu kadi imekufa.

Faida kubwa zaidi ni adapta. Lenzi za EF za kamera za Canon zenye kioo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1987, hufanya kazi juu yake na fokasi yake yote, nazo zinapatikana zilizotumika. Kasoro ni lenzi mpya za RF, zilizoundwa kwa kamera hizi zisizo na kioo: ni ghali, na Canon imewabana watengenezaji wengine kwa lenzi za fokasi ya kiotomatiki za sensa kamili (full-frame).

Shata yake ya kielektroniki hupiga picha 40 kwa sekunde kimyakimya, jambo zuri kanisani. Lakini umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha hutoka na mistari myeusi ya kulala. Weka kasi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde, au rudi kwenye shata ya kawaida ya pazia. Kwa video, piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Taa za jukwaani zinazopepesa kasi zaidi zinahitaji kipengele cha kupunguza mpepeso wa masafa ya juu. R6 Mark II inacho.

2. Nikon Z8

Kwa wanyama, ipandishe iwe ya kwanza. Ilizinduliwa Mei 2023, takriban dola 4,000, megapikseli 45.7. Haina shata ya kawaida kabisa: sensa yake inasomwa haraka kiasi kwamba ndege anayepiga mabawa hapindi. Inapiga RAW 20 kwa sekunde. Pale kwenye kinamasi cha Mabamba, korongo-nyangumi anaweza kusimama kama sanamu muda mrefu kisha akamrukia samaki kamongo ghafla. Z8 inaweza kuhifadhi picha za hadi sekunde nzima kabla hujabonyeza. Tatizo: picha hizo za kabla ni JPEG tu, si RAW. Panga mwanga sawasawa mapema.

Uzito ni gramu 910 pamoja na betri na kadi. Ongeza lenzi ya 70-200 f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia) na umepita kilo mbili, kwenye miteremko ya matope. Betri imepimwa kwa takriban picha 340, hivyo beba tatu. Nafasi moja ni ya CFexpress aina ya B, kadi ghali.

3. Sony A7 IV

Ina megapikseli 33, betri inayodumu (takriban picha 580), na lenzi tele za Sigma na Tamron kwa bei ya kibinadamu. Kama huna lenzi hata moja, pesa yako itafika mbali zaidi huku. Lakini shata yake ya kielektroniki ni ya polepole mno. Kiuno cha mchezaji wa baakisimba, ngoma ya Baganda, kitapinda kwenye picha. Video ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde hukata kingo za picha. Jihadhari pia na zilizotengenezwa kwa soko la Japani: menyu ni Kijapani pekee. Washa na utazame lugha kabla ya kulipa.

4. Fujifilm X-T5

Gramu 557, dola 1,699 ilipotoka. Nzuri kwa safari. Lakini sensa yake ni ndogo, na picha huanza kuwa na chenga mapema gizani mwa msitu.

Dukani

Nenda na kadi yako. Piga uso wa mtu kwa ISO 6400 (usikivu mkubwa wa mwanga) ndani ya duka, kisha anga kwa f/16 kutafuta madoa kwenye sensa. Lenzi iliyotumika imulike kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi kama za buibui ni kuvu, na hapa kwetu unyevu huilisha haraka. Iache. Dai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, yenye nambari ya kamera; bila hiyo, dhamana ni maneno tu.

Gawa bajeti nusu kwa nusu, kamera na lenzi. R6 Mark II yenye lenzi ya f/2.8 itaishinda Z8 yenye lenzi ya f/6.3 kila mara jua linapozama nyuma ya hema.