Darasa la Jioni la Maneno Makali ya Kiingereza, Arusha: Tathmini

Arusha ina watu wengi ambao riziki yao hutegemea kusoma kwa usahihi Kiingereza kilichoandikwa na wageni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu vilevile, na kampuni za utalii hupata au hupoteza wateja kwa maoni ambayo watalii huyaacha mtandaoni. Kwa hiyo darasa fupi la jioni linalofundishwa katika chumba cha ghorofani, si mbali na Mnara wa Saa, kuhusu maneno ya Kiingereza ya lawama, kemeo na shutuma, limekuja kukidhi haja ya kweli. Nimelihudhuria hadi mwisho, na tathmini hii nawaandikia waongoza watalii, wahudumu wa mapokezi, makarani na wafasiri wanaofikiria kulipa ada yake.

Ubora wake mkubwa ni namna mwalimu anavyoanza. Kabla ya kugusa neno lolote la Kiingereza, alitutaka tutofautishe kukaripia, kusuta na kusimanga, na kila mmoja darasani alijua bila kufundishwa kwamba anayesimanga hukukumbusha wema aliokutendea, ilhali anayesuta hukukabili mbele ya watu kwa uongo au umbeya wako. Baada ya hapo ndipo alipoleta "reprimand", ambalo ni karipio la mkubwa kwa mdogo wake kazini na mara nyingi huandikwa na kuwekwa kwenye jalada. "Reproach", lawama yenye huzuni ya mtu aliyekutegemea ukamwangusha. Na "berate", ambalo ni kugomba kwa hasira na kwa muda. Mwanafunzi aliyepitishwa njia hiyo huacha kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza, akaanza kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na mbele ya nani. Sijaona kamusi inayofundisha hivyo.

Somo la asili za maneno lilinivutia pia, ingawa baadhi ya wenzangu waliliona refu. "Philippic", yaani hotuba kali ya kumshambulia mtu, limetokana na hotuba ambazo Demosthenes wa Athens alizitoa katika karne ya 4 KK dhidi ya Mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia. Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma, akaliazima jina hilo kwa hotuba zake 14 za kumshambulia hasimu wake Marcus Antonius katika miaka ya 44 na 43 KK, na kabla ya mwaka 43 kwisha akauawa. "Jeremiad" limetoka kwa Nabii Yeremia, na ndiyo maana hubeba maombolezo marefu juu ya uovu wa zama. "Excoriate", yaani kushutumu vikali mno, asili yake kwa Kilatini ni kuchuna ngozi, na kijana wa Arusha ambaye husema fulani "amechanwa" hakupata taabu yoyote kulishika. Faida ya asili hizi ni kwamba zinaonyesha uzito wa neno: meneja anayemwandikia mwajiri wake kwamba mgeni "excoriated" mpishi kwa sababu ya supu iliyopoa, amelitwisha tukio dogo neno zito mno.

Sehemu ambayo waongoza watalii wanapaswa kuilipia hata kama hawataki nyingine ni ile ya lawama zilizovikwa adabu. Mwalimu alitunga sentensi za mfano, mojawapo ikiwa "We were rather disappointed", na wengi wetu tukaisoma kama nung'uniko dogo, kumbe Mwingereza aliyezoea kuficha hasira yake anaweza kuikusudia iwe shutuma kamili. Mwingereza huyohuyo akiandika "quite good", mara nyingi anamaanisha kwamba huduma ilikuwa ya wastani tu, ilhali Mmarekani akiandika maneno hayohayo kwa kawaida anasifu. Neno "slated" ni la hatari zaidi: katika magazeti ya Uingereza, hoteli iliyokuwa "slated" imepondwa na wahakiki, lakini Mmarekani anayeandika kwamba kundi lake lilikuwa "slated to leave Moshi at six" anataja ratiba ya safari yake, wala halaumu mtu.

Vihusishi vilipitiwa haraka, na ilitosha: mtu huwa "accused of" jambo, bali huwa "criticised for" jambo.

Upungufu ninaouona mzito ni kwamba vitenzi vya vichwa vya habari havikupewa nafasi yake. "Slam", "blast" na "rap" hupendwa na wahariri kwa sababu ni vifupi na huenea katika safu nyembamba ya gazeti, na mara nyingi humaanisha tu kwamba mtu amepinga au amekosoa hadharani. Mwandishi wa habari anayetafsiri kila "slam" kuwa "amelaani vikali" humpa kiongozi hasira ambayo huenda hakuwa nayo, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua. Darasani walikuwamo waandishi vijana waliohitaji somo hilo, wakaondoka bila kulipata.

Vilevile karatasi za somo zimeliweka "censure" pamoja na lawama za kila siku, wakati neno hilo katika mabunge lina maana rasmi ya azimio la kulaani mwenendo wa mtu. Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha azimio la namna hiyo dhidi ya Rais Andrew Jackson mwaka 1834, naye akaendelea na urais wake, kisha mwaka 1837 Seneti ikalifuta katika kumbukumbu zake. Karani anayelitafsiri kama "kumkemea" tu, au akalichanganya na "censor", ambalo ni kuzuia maandishi yasichapishwe, anaharibu kumbukumbu za kikao.

Ada si ndogo kwa mshahara wa mhudumu wa mapokezi, lakini naiona ni halali kwa anayejibu maoni ya wageni kila siku. Wafasiri na waandishi wa habari ningewashauri wamuulize kwanza mwalimu kama awamu ijayo itakuwa na somo la lugha ya magazeti na mabunge, na wakijibiwa kuwa halimo, wasubiri.