Mashindano ya vilabu vya wapika bia: ada yako inanunua nini?

Kwa anayepika bia nyumbani nchini Marekani, hakuna njia rahisi ya kupata ulimi wa mtu asiyemjua kuliko mashindano ya klabu ya eneo lake. Rafiki anakunywa bia ya bure na lazima aisifu. Jaji amewekewa glasi yenye namba tu, wala hana wa kumfurahisha. Ada ya kila bia kwa kawaida ni kati ya dola 8 na 15, unapeleka chupa mbili au tatu, na baada ya siku au wiki kadhaa zinakurudia karatasi za majaji wawili. Medali inaweza kuja, inaweza isije. Ukipima huduma hii kwa medali utajiona umeliwa, maana kwenye kundi lenye bia thelathini za aina moja wanaovishwa ni watatu. Ipime kwa karatasi.

Karatasi hiyo ni ya BJCP, taasisi ya kuthibitisha majaji wa bia iliyoanza 1985, na karibu mashindano yote ya vilabu huitumia. Ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Kuanzia 45 bia ni ya kipekee. 38 hadi 44 ni bora sana. 30 hadi 37 ni nzuri sana, ina dosari ndogo tu. 21 hadi 29 ni nzuri lakini imekosea aina yake au ina kasoro inayoonekana. Chini ya 21 kuna tatizo la kweli. Majaji wengi hawashuki chini ya 13 hata kwa bia iliyoharibika, kwa heshima ya aliyeipika. Kwa hiyo ukipata 13, usijidanganye kwamba ulikosa moja ufike 14.

Watu wengi huangalia jumla kwanza na kuishia hapo. Anza juu, kwenye daraja la jaji. Karatasi ina visanduku: Apprentice, Recognized, Certified, National, Master, Grand Master. Kufika Certified kunahitaji asilimia 70 kwenye mtihani wa kuonja pamoja na pointi za uzoefu. National inadai 80 na mtihani wa kuandika juu yake. Apprentice anaweza kuwa na pua kali kuliko wote mezani, lakini daraja linakusaidia ukikuta karatasi mbili zinazopingana na hujui umsikilize nani. Kisha soma sehemu ya harufu, ambayo ndiyo humfichua jaji. Anayejua kazi yake huandika kitu, kiasi chake, na mahali kilipojitokeza: "kimea cha mkate uliookwa, wastani, hopsi za maua, hafifu, siagi hafifu inayoongezeka bia inapopata joto." (Hopsi ni maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu.) Asiyejua huandika "harufu nzuri ya kimea" halafu anakupa 8 kati ya 12 bila kusema zile nne zimekwenda wapi.

Mwisho wa karatasi ndipo thamani ya ada yako ilipo. Karatasi iliyojazwa vizuri hutoa dawa: ladha ya siagi kwenye laga, acha hamira imalize kazi kwa siku mbili tatu kwenye nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi kabla ya kupoza; tufaha bichi, umeitenga bia na hamira mapema mno; harufu ya plasta ya kidonda, angalia klorini kwenye maji yako (tembe moja ya Campden, ya kuondoa klorini, inatosha galoni 20). Karatasi mbovu husema "bia nzuri, endelea hivyo" chini ya alama 29. Hiyo ni ada iliyopotea, na klabu inayotoa karatasi za namna hiyo mwaka baada ya mwaka haistahili chupa zako, hata kama medali zake ni nzito kama sahani.

Majaji wawili wakitaja kasoro moja, iamini. Akiitaja mmoja tu, unahitaji shahidi wa tatu, na shahidi huyo ni wewe. Siku ya kupakia, bakiza chupa moja ya mkupuo uleule, ihifadhi kwenye baridi, na uifungue siku ya uamuzi ukiwa na mwongozo wa aina za bia mkononi. Ijaze karatasi yako mwenyewe kabla hujasoma za kwao. Faida ni mbili: unajifunza kuonja, na unagundua kama bia iliharibikia njiani. Yako ikiwa safi na yao imeandikwa "kadibodi" (ladha ya bia iliyoingiwa na oksijeni), tatizo liko kwenye chupa au usafiri, wala si kwenye mapishi.

Ndani ya ukumbi mambo huenda hivi. Majaji wawili, angalau mmoja akiwa wa BJCP, hupewa fungu la bia sita hadi kumi na mbili, na mhudumu wa meza huleta chupa moja moja. Kila bia hupata dakika kumi hadi kumi na mbili. Kila jaji huandika peke yake kwanza, kisha wanazungumza. Alama zao zikiachana kwa zaidi ya 7, kwa kawaida hutakiwa kusogeleana kabla ya kukubaliana alama moja. Hapo kuna udhaifu usiokwepeka. Ulimi huchoka. Bia nyepesi inayoonjwa baada ya ile chungu au yenye kilevi kikali huonekana maji matupu, ndiyo maana mratibu mzuri hupanga fungu kutoka nyepesi kwenda nzito na huzuia meza moja isibebe zaidi ya bia kumi na mbili kwa kikao. Joto la kuhudumia nalo lina lake: stauti (bia nyeusi) nzito iliyotoka moja kwa moja kwenye barafu haina harufu, na kama jaji hakuikumbatia glasi kwa viganja, ataandika "harufu hafifu" na kukunyima pointi tano. Hilo huwezi kulizuia. Kuchagua mashindano yenye majaji wa kutosha unaweza.

Aina moja ikiwa na bia nyingi kiasi cha kugawanywa kwa meza kadhaa, kila meza hupeleka zake bora kwenye raundi ndogo, na hapo washindi hupangwa kwa kuonja upya. Alama za mwanzo haziamui tena. Ndiyo maana bia ya alama 36 inaweza kuchukua dhahabu na ya alama 39 ikaondoka na shaba, na kila mwaka kuna anayelalamika kwamba ameonewa. Hajaonewa. Kuchagua bia bora ya mashindano yote kunafuata mtindo huohuo: hakuna karatasi, ni majaji wazoefu wachache wanaoondoa bia moja baada ya nyingine mpaka ibaki moja. Raundi hizi hutumia chupa ya pili au ya tatu, basi chupa zako zote ziwe sawa. Ukijaza ya kwanza kwa uangalifu na ya mwisho kwa haraka, huenda ndiyo ya haraka itakayofika fainali.

Sasa usajili, ambako pointi nyingi hupotea kabla hata kizibo hakijafunguliwa. Jaji hajui ulikusudia nini. Anajua namba ya aina na maneno uliyoandika kwenye fomu. Mwongozo unaotumika sana ni wa BJCP wa 2021. Bia ya matunda, 29A, inakutaka utaje tunda na uieleze bia yenyewe. Saison (aina ya bia ya Kibelgiji), 25B, inadai utaje nguvu ya kilevi na rangi. Ukiacha, majaji watakisia, na makisio yao hayatakupenda. Kwa upande mwingine usijaze kila kitu. Ukiandika "vanila, kahawa, kakao na mdalasini", jaji atatafuta vyote vinne, na kimoja asichokipata kitakugharimu. Kama mdalasini hausikiki, usiutaje. Kama unasikika mno, utaje.

Na isajili bia uliyonayo, usisajili ile uliyonuia kupika. Stauti iliyokusudiwa kuwa ya Ireland (15B) ikatoka na hopsi kali na uchungu mwingi huenda ikafanya vizuri zaidi kwenye 20B, stauti ya Kimarekani. Porta ya Kiingereza iliyoungua kidogo, ijaribu 20A. Onja ukiwa na mwongozo, soma sehemu ya harufu na ladha, na puuza jina la mapishi. Viwango vya kilevi na uchungu vilivyoandikwa kwa tarakimu ni mwongozo tu. Jaji hana maabara mezani, ana pua.

Chupa ndiyo muuaji mkubwa. Bia nyingi za wapika wazoefu siku hizi hutoka kwenye kegi (pipa la chuma lenye gesi), na katika safari ile fupi ya kutoka kegi hadi chupa oksijeni hupata mlango. IPA (bia ya hopsi nyingi) yenye ukungu ndiyo huumia haraka: ndani ya siku chache rangi inageuka ya kijivu, hopsi zinakufa, utamu wa asali unaibuka. Ukitumia kifaa cha kujazia, poza kegi hadi nyuzi 0 au 1, poza na chupa zenyewe zikiwa zimesafishwa na bado zina unyevu, kisha shusha mgandamizo hadi kama psi 3 hadi 5. Pulizia chupa CO2 kwa sekunde tano hivi, jaza kuanzia chini, acha povu lipande mpaka mdomoni, na ufunge kizibo juu ya povu hilohilo. Chupa ikifungwa juu ya hewa tupu, umeifungia adui ndani. Gesi kidogo hupotea wakati wa kujaza, hivyo ukilenga ujazo 2.5 (wa gesi kwa kila ujazo mmoja wa bia) anza na 2.6 au 2.7 kwenye kegi.

Anayetumia sukari ya kuchachusha ndani ya chupa ana nafuu, kwa sababu hamira hula sehemu ya oksijeni. Kwa lita 19, gramu 110 hadi 120 za glukosi hukufikisha karibu na ujazo 2.4 au 2.5, pima kwa mizani, vijiko vinadanganya. Gesi ikipungua, jaji hataishia kuandika "gesi kidogo": bia ileile ataiona tamu zaidi, nzito zaidi, imelala, na kosa moja litakukata pointi kwenye ladha, mdomoni na picha ya jumla. Gesi ikizidi, chupa inafoka, mashapo yanapanda, na nusu ya bia inaishia kwenye kitambaa cha mhudumu.

Tumia chupa ya kahawia ya wakia 12, isiyo na lebo wala maandishi ya kuchongwa, na kizibo kisicho na alama au kilichopakwa wino mweusi. Chupa ya kijani hupitisha mwanga unaozipa hopsi harufu ya kicheche. Karatasi ya utambulisho ifunge kwa mpira, usiibandike kwa gundi, isipokuwa kanuni zimesema vingine.

Usafiri nao una sheria zake. Posta ya Marekani hairuhusu kutuma vileo, na kampuni kubwa za vifurushi hupokea vileo kwa wenye leseni tu. Ndiyo sababu vituo vya kuachia chupa, ambavyo kwa kawaida ni maduka ya vifaa vya kupikia bia, ni sehemu ya huduma unayopaswa kuipima. Klabu yenye vituo vitano na gari la kukusanya kila wiki imekufikiria. Uliza chupa zitakaa wapi mpaka siku ya uamuzi. Jibu likiwa "kwenye stoo", IPA yako ibaki nyumbani, peleka stauti.

Je, kubwa au dogo? Mayfaire ya Maltose Falcons wa Los Angeles, klabu iliyoanzishwa 1974, Dixie Cup ya Foam Rangers wa Houston, na Bluebonnet Brew-Off inayoandaliwa na vilabu vya eneo la Dallas na Fort Worth ni mashindano yenye majina. Mashindano kadhaa ya Texas hukusanya pointi za mwaka kwenye Lone Star Circuit, na Florida ina mzunguko wake. Kwa anayewinda taji la mpika bia wa mwaka, huko ndiko kwenye mbio. Lakini nafasi za mashindano makubwa huweza kujaa mapema, meza zake ni nyingi, na kupata majaji wenye daraja wa kuzitosha zote ni kazi ngumu. Klabu ndogo yenye bia mia moja na hamsini na majaji ishirini na wanne waliothibitishwa inaweza kukupa karatasi iliyojaa hadi pembezoni. Kabla hujalipa, angalia mambo matatu: kikomo cha bia dhidi ya idadi ya majaji waliojiandikisha, tarehe iliyoahidiwa ya kurudisha karatasi, na kama mratibu hujibu barua pepe ndani ya siku mbili. Asiyejibu kabla ya kupokea ada hatajibu baada yake.

Kwa mara ya kwanza peleka bia mbili, moja unayoiamini na nyingine yenye tatizo usilolielewa. Kisha peleka mkupuo uleule kwenye mashindano mawili yaliyoachana kwa wiki mbili au tatu, ukiwa umejaza chupa zote siku moja na kuzihifadhi kwenye baridi. Karatasi nne za bia moja, kutoka kwa majaji wanne wasiojuana, ukizitandaza mezani pamoja na ile uliyoijaza mwenyewe, zitakuonyesha pa kuanzia kwenye mapishi yajayo.