Nguvu ya mchezaji: sataranji na shogi

Mchezaji wa sataranji ukimuuliza uwezo wake, atakutajia namba. Ni mfumo wa Arpad Elo, uliopokewa na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, mwaka 1970: ukimshinda aliyekuzidi unapanda sana, ukimshinda mnyonge unaambulia kidogo. Ukimzidi mwenzako pointi 200, unatarajiwa kuvuna takribani asilimia 76 ya alama mnazogombea. Magnus Carlsen, bingwa kutoka Norwe, alifika 2882 mwaka 2014.

Wa shogi, sataranji ya kule Japani, atakutajia dani, yaani daraja lake. Hapo ndipo wageni wengi hupotea, kwa sababu dani ya ridhaa si dani ya kulipwa. Kulipwa huanzia dani ya 4, na mlango wake ni mwembamba mno: ligi ya dani ya 3 huchezwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida hupita wawili tu, na umri wa miaka 26 ukikukuta humo, kwa wengi safari imekwisha. Inauma kuwafikiria vijana hao. Fujii Sota alipita mwaka 2016 akiwa na miaka 14. Mwaka 2023 akashika mataji makuu yote 8.

Dani ya mlipwa haishuki hata makali yakipungua. Kwa kujua nani ana nguvu leo, mimi nachagua Elo bila kusita.

Ila usilinganishe 2000 ya shogi mtandaoni na 2000 ya sataranji. Namba hupima umewashinda kina nani, basi. Habu Yoshiharu, aliyeshika mataji makuu yote 7 ya shogi yaliyokuwapo mwaka 1996, alivuka 2400 tu kwenye sataranji. Ugwiji mkuu, cheo cha juu kabisa cha sataranji, hudai 2500.